Mshika jalada la msitu

Tarehe 20 Juni 2010, moto wa kambi ambao mtu alikuwa ameuacha bila kuuzima ulishika msitu juu ya mji wa Flagstaff, jimboni Arizona. Ekari zipatazo 15,000 za Msitu wa Taifa wa Coconino ziliteketea kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya San Francisco. Moto ule ulipewa jina la Schultz. Wakazi wa vitongoji vya chini waliponusurika na ndimi zake walidhani balaa limepita. Mwezi uliofuata zikaja mvua za kiangazi, zikakuta mlima hauna majani wala mizizi ya kuyashika maji. Mafuriko yaliyobeba majivu, mawe na magogo yalishuka mpaka mabarazani mwa watu, na Julai 20 yakamchukua binti wa miaka 12 aliyekuwa ametoka kuyatazama.

Miaka miwili baadaye, Novemba 2012, wapiga kura wa Flagstaff waliamua jambo lisilo la kawaida: mji wao ukope dola milioni 10 ili kupunguza miti kwenye ardhi ambayo si ya mji, ni ya serikali kuu. Karibu watatu kati ya kila wanne waliopiga kura walisema ndiyo. Walikuwa wametazama upande wa pili wa milima, kwenye vilima vya Dry Lake vilivyo mgongoni mwa mji, na kusini kwenye Mlima Mormon unaolisha bwawa lao la maji, wakaona msitu uleule mzito ukisubiri cheche.

Fedha zikawepo, nia ikawepo. Hata hivyo uamuzi wa kuanza kazi haukusainiwa mpaka 2015. Kuna watu watakaosema huo ni urasimu, na wamesema. Mimi naomba msomaji akae nami kwenye miaka hiyo mitatu, kwa sababu ndani yake kuna kazi ambayo watu wachache huijua: kazi ya kiongozi wa timu ya upangaji wa mazingira.

Chanzo chake ni sheria. Rais Richard Nixon alitia saini Sheria ya Taifa ya Sera ya Mazingira Januari 1, 1970, mwaka mmoja baada ya mafuta kumwagika katika bahari ya Santa Barbara, California. Msukumo bungeni ulitoka kwa Seneta Henry Jackson wa jimbo la Washington na mbunge John Dingell wa Michigan. Kulikuwa pia na mwalimu wa chuo kikuu, Lynton Caldwell wa Indiana, aliyeona mbali kuliko wengi. Caldwell alijua kwamba sheria inayotamka tu kuwa mazingira ni muhimu itasomwa, itapigiwa makofi na kuwekwa kabatini. Akashauri kiwemo kifungu cha kuilazimisha serikali: kabla ya kutenda jambo kubwa, taasisi iandike kwa kina litaathiri nini, na kuna njia zipi nyingine za kulifanya. Sheria hiyohiyo ikaagiza kazi hiyo ifanywe na wataalamu wa fani mbalimbali kwa pamoja.

Wasomaji wa Afrika Mashariki tunaijua mbegu hiyo kwa matunda yake. Tathmini ya athari kwa mazingira iliyomo katika sheria ya Kenya ya 1999, na katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, ina ukoo na kifungu kile cha Caldwell. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Kwetu mwenye mradi huajiri wataalamu waliosajiliwa wamwandalie ripoti, kisha mamlaka ya serikali huipitia na cheti hutolewa. Katika msitu wa taifa wa Marekani, mara nyingi Huduma ya Misitu, taasisi inayousimamia, ndiyo inayotaka kufyeka, kuchoma au kujenga, na ndiyo hiyo inayotathmini. Mwenye mradi na mkaguzi wanakula kwenye kantini moja. Kwa hiyo uaminifu wa tathmini yote unategemea sana mtu anayekaa katikati ya wawili hao.

Mtu huyo haamui. Mwenye kusaini ni afisa wa msitu, ama mkuu wa wilaya ya msitu ama mkuu wa msitu mzima. Kiongozi wa timu si bosi wa wataalamu pia. Mtaalamu wa wanyamapori ana mkuu wake wa kitengo, mhandisi wa barabara ana wake, mtaalamu wa mambo ya kale ana wake, na kila mmoja ana miradi mingine mitatu au minne mezani. Anachomiliki kiongozi ni ratiba, maswali na jalada. Kwa vitu hivyo vitatu anatakiwa kuwatoa watu kumi au kumi na watano kwenye mabishano na kuwafikisha kwenye waraka mmoja ambao jaji anaweza kuusoma.

Ili kuelewa wanachobishania, inafaa kuijua historia ya miti yenyewe. Misonobari ya ponderosa ya nyanda zile ilizoea moto. Kabla ya reli kufika Flagstaff mwaka 1882, moto mdogo wa nyasi ulipita kila baada ya miaka michache, ukateketeza majani makavu na miche, ukaiacha miti mikubwa yenye magome manene ikiwa imesimama kwa nafasi. Pamoja na reli vikaja viwanda vya mbao, pia kondoo na ng'ombe kwa maelfu, wakazila nyasi zilizokuwa zikiubeba moto. Mwaka 1919 mbegu nyingi zilikutana na mvua nzuri, miche ikaota imebanana kama mchicha kitaluni. Hakukuwa na moto wa kuipunguza, na mwaka 1935 Huduma ya Misitu ikaweka kanuni kwamba kila moto uzimwe kufikia saa nne asubuhi ya siku ya pili yake. Haya hayakufanywa na watu wajinga. Kituo cha kwanza cha utafiti cha Huduma hiyo kilianzishwa mwaka 1908 palepale Fort Valley, nje kidogo ya Flagstaff. Hata hivyo, eneo lililokuwa na makumi ya miti kwa ekari likafikia mamia, na pengine zaidi ya elfu.

Basi mtaalamu wa moto anaingia kikaoni akiwa na ramani nyekundu. Anataka miti ipunguzwe, kisha moto wa kupangwa urudishwe. Anajua siku chache za mwaka ambazo upepo na unyevu vinaruhusu, na hataki zipotee.

Mtaalamu wa wanyamapori ana bundi. Bundi madoa wa Meksiko amekuwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini tangu 1993. Kila jozi hutengewa eneo la hifadhi la ekari zisizopungua 600, na shughuli nyingi huzuiwa humo kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31, majira ya kutaga na kulea makinda. Bundi huyu anapenda msitu mzito, wenye kivuli na miti mizee, kwenye miteremko mikali. Ukiiweka ramani ya bundi juu ya ramani ya moto, mahali pazuri kwa makazi yake na mahali pa hatari zaidi kwa mji panalaliana. Sheria ya viumbe walio hatarini inataka idara nyingine kabisa, ile ya samaki na wanyamapori, ishauriwe rasmi kabla ya msumeno kuwashwa.

Wa udongo na maji wanasema mashine nzito zikipanda mteremko ule zitachimba mifereji, na mvua za Julai zitafanya yaliyobaki. Mwingine anauliza moshi utakwenda wapi. Flagstaff iko chini ya milima hiyo na ina wagonjwa wa pumu kama mji wowote. Mtaalamu wa mambo ya kale anajua mahali vilipolala vigae vya vyungu vya watu wa Sinagua walioishi hapo karne nyingi zilizopita, na hatazitia sehemu hizo kwenye ramani itakayotolewa hadharani, kwa kuwa wezi wa vitu vya kale husoma ramani pia. Kuna wa njia za baiskeli na wapanda mlima, ambao ndio wapiga kura walewale waliotoa dola milioni 10.

Hapa ndipo ufundi wa kiongozi unapoonekana. Ripoti inayosema "athari zitakuwa ndogo" haijasema kitu. Kiongozi mzuri huirudisha kwa mwenyewe na maswali: ndogo kwa nani, kwenye bonde lipi, kwa misimu mingapi, na ukilinganisha na nini? Humwambia mtaalamu wa udongo asome alichoandika mhandisi kuhusu barabara za muda, kwa sababu mara nyingi wawili hao wameandika habari za barabara tofauti bila kujua. Kabla ya hayo yote humbana mkuu wake mwenyewe juu ya sentensi chache zinazoeleza lengo la mradi. Sentensi hizo zikiandikwa kwa ufinyu, jibu moja tu ndilo litakaloingia, na uchunguzi wote utakaofuata utakuwa wa maonyesho. Kumwambia afisa anayekuzidi cheo kwamba ameshaamua kabla ya kuchunguza kunataka moyo. Naamini hakuna sehemu ya kazi hii inayostahili heshima zaidi ya hiyo.

Sheria inataka njia mbadala, na katika mradi wa Flagstaff zilipangwa waziwazi. Ya kwanza ilikuwa kutofanya chochote. Ya pili ilitumia nyaya za chuma kuvutia magogo kutoka miteremkoni. Ya tatu ilikataa nyaya, ambazo huacha mistari inayoonekana kutoka mjini, ikaegemea njia nyingine zikiwemo helikopta, ambazo gharama yake inafahamika. Ya nne ilikuwa ya kugusa kidogo iwezekanavyo. Wengi huiruka ile ya kwanza kama desturi tu. Mimi naiona ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa inamlazimisha kila mtaalamu kueleza mlima ule utakuwaje ukiachwa: bundi atabaki na nini baada ya moto kama wa 2010, maji yatashukia mitaa gani. Kutotenda nako kuna athari, na waraka unapaswa kuzitaja kwa uzito uleule.

Kazi hiyo hufanywa na watu pungufu. Ripoti ya Huduma ya Misitu ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba gharama za moto, zilizokuwa asilimia 16 ya bajeti mwaka 1995, zilikuwa zimevuka nusu. Wafanyakazi wasio wa moto walikuwa wamepungua kwa asilimia 39 tangu 1998, kutoka karibu 18,000 hadi chini ya 11,000. Hao waliobaki wanatunza ekari milioni 193, ukubwa unaozidi robo tatu ya Tanzania nzima. Tena kiangazi kinapofika, wengi wao wenye mafunzo ya zimamoto huitwa kwenda kusaidia majimbo mengine. Kiongozi huitisha kikao cha Julai akakuta viti vitupu: wa maji yuko Montana, wa udongo yuko California. Msitu unaoungua huwachukua wale ambao wangeupanga msitu ambao haujaungua. Bunge lilirekebisha mfumo wa fedha za moto mwaka 2018, lakini nafasi za wapangaji zilizokwisha kupotea hazikurudi kwa kubadilisha mfuko.

Kisha kuna umma. Kwa miaka mingi utaratibu wa taarifa kamili ya athari uliwapa wananchi siku 45 za kutoa maoni juu ya rasimu. Barua huja za kila namna, na kiongozi hana ruhusa ya kuzichagua kwa uzuri wa lugha. Mfugaji, mwindaji, mwanaharakati na bibi anayetaka tu kujua kama kijito cha nyuma ya nyumba yake kitajaa, wote maoni yao lazima yasomwe, yapangwe na yajibiwe kwa hoja.

Coconino yenyewe ina somo chungu la jambo hili. Milima ya San Francisco ni mitakatifu kwa mataifa 13 ya wenyeji wa asili, wakiwemo Wanavajo na Wahopi. Mwaka 2005 Msitu huo uliidhinisha kituo cha kuteleza kwenye theluji kilichopo mlimani kitengeneze theluji kwa maji taka yaliyosafishwa. Kwa waumini hiyo ilikuwa kama kunyunyizia maji taka ndani ya nyumba ya ibada. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2007 majaji watatu wa rufaa walikubaliana nao kwa sehemu, na hoja moja katika hukumu yao inapaswa kubandikwa juu ya meza ya kila mpangaji: waraka haukuwa umejadili vya kutosha hatari ya mtu kuila theluji ile. Watoto hula theluji. Kila mzazi wa Flagstaff anajua. Mwaka uliofuata jopo kubwa la mahakama ileile liligeuza uamuzi huo, likisema hoja ya kula theluji haikuwasilishwa kwa utaratibu unaotakiwa. Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi mwaka 2009, na theluji ya maji yale ilianza kutengenezwa mwishoni mwa 2012. Waliodai walishindwa. Mimi siwezi kuiona hiyo kuwa haki kwa watu waliokuwa wakiomba kwenye mlima ule kabla Marekani haijawa nchi, na sidhani waraka wowote, hata ungeandikwa vizuri namna gani, ungetosha kuifidia.

Kwa maana sheria hii ya mazingira ina mpaka, na ni vizuri kuujua. Mwaka 1989 Mahakama Kuu iliamua kesi ya kituo kingine cha kuteleza kilichopendekezwa katika Msitu wa Taifa wa Okanogan, jimboni Washington, ambako watu wa Bonde la Methow walihofia hatima ya paa wa huko. Majaji walisema sheria inaizuia serikali kutenda bila kujua. Haiizuii kutenda bila busara. Afisa akishajua kwamba paa watapungua na bado akaona mradi unafaa, sheria hii pekee haimshiki mkono. Cha ajabu, kituo kile hakikujengwa kamwe. Miaka ya kuchunguza na kubishana iliwapa wapinzani wake muda na taarifa, na mambo hayo mawili yalifanya kazi ambayo hukumu haikuifanya.

Ndiyo maana jalada ni muhimu hivyo. Kesi ikienda mahakamani, kwa kawaida jaji hasikilizi mashahidi wapya wala haendi kuutazama mlima. Anafungua jalada la mradi: ripoti, barua pepe, kumbukumbu za vikao, ramani, maoni ya wananchi na majibu yake. Mtaalamu aliyepinga akanyamaza kikaoni hayupo humo. Aliyepinga kwa maandishi yumo. Kiongozi anayeihifadhi ripoti ya mtaalamu aliyekataa kukubaliana na wenzake, na kuonyesha afisa aliijibuje, anailinda taasisi yake vizuri kuliko yule anayeificha.

Hata jalada kamili haliwezi kuushinda mlima. Julai 21, 2019, kazi ya kupunguza miti ilipokuwa ikiendelea kwenye vilima vya Dry Lake chini ya mpango uleule wa mji, mashine iligonga jiwe, cheche ikalala kwenye majani makavu, moto ukazuka. Uliitwa Museum, ukala karibu ekari 2,000. Katika mvua za 2021 mafuriko kutoka kovu lake yaliingia mara kadhaa katika mtaa wa Sunnyside. Kazi ya kuuepusha mji na moto iliuletea moto. Nimewasikia watu wakitumia tukio hili kudai kwamba upangaji ni bure. Nalisoma kinyume. Mafuriko yale yalitoka kwenye vilima ambavyo wapangaji walikuwa tayari wamevitaja kuwa ndivyo vinavyotishia mji, na moto ulifika kazi ikiwa katikati. Juni 2022 moto mwingine, Pipeline, ulipita upande wa pili wa milima ukachoma zaidi ya ekari 26,000, zikiwemo sehemu zilizokwisha kuungua mwaka 2010. Wanaoamini kuna muda wa kusubiri hawajaitazama ramani hiyo.

Sasa sheria yenyewe inapunguzwa. Mwaka 2023 Bunge liliweka ukomo: taarifa kamili ya athari kurasa 150, au 300 kwa mradi mgumu kupindukia, na iishe ndani ya miaka miwili, tathmini fupi kurasa 75 na mwaka mmoja. Mei 2025 Mahakama Kuu iliwaagiza majaji wa chini waheshimu zaidi uamuzi wa taasisi kuhusu upana wa uchunguzi. Julai mwaka huohuo Wizara ya Kilimo, ambayo Huduma ya Misitu iko chini yake, ikatoa kanuni mpya zilizochukua nafasi ya zile ambazo Huduma ilikuwa ikizitumia.

Ukomo wa kurasa naukubali. Waraka wa kurasa elfu moja haumsaidii bibi wa kijitoni, na wengi waliouandika walikuwa wakimwandikia wakili, wakamsahau mwananchi. Ninalolihofia ni hesabu ya watu. Utaratibu uliozoeleka wa kumtafuta bundi madoa wa Meksiko huhitaji misimu miwili ya kuzaliana: watu kwenda msituni usiku, kuita, kusikiliza, kurudi tena. Bundi hana habari na ukomo wa mwaka mmoja. Kiongozi mwenye uzoefu analijua hilo, na kabla saa ya kisheria haijaanza kuhesabu huwa amekwisha kuwatuma watafutaji, amezungumza na wazee wa Navajo na Hopi, na amemwomba mhandisi atembee barabara za zamani kwa miguu. Mradi ukizinduliwa rasmi, nusu ya majibu yapo. Ujuzi huo haumo kwenye kanuni ya zamani wala mpya. Umo kwa watu waliokaa katika ofisi moja ya msitu kwa muda wa kutosha kujua wilaya yao, na hao ndio wanaoondoka.